Tulikuombea Bila Kukuuliza

Nyambura mwanangu,

Umeenda soko la Muthurwa kutafuta begi lenye magurudumu, na baba yako amekufuata ili usije ukauziwa bovu. Nimebaki nyumbani peke yangu na cherehani. Tangu habari za kazi yako ya Lodwar zifike hapa, leo ndiyo mara ya kwanza nyumba imetulia kiasi cha mtu kuweza kuandika.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji wala kulala ndani ya neti. Wewe ni mtu wa maabara, vidudu unavijua kwa majina yao yote, na nikianza kukufundisha utanicheka. Hata joto la huko sitaligusa. Nataka kuandika juu ya ile Jumatano.

Najua umeshajua ni Jumatano gani. Labda umeshaikunja hii karatasi. Tafadhali ikunjue.

Wacha nianzie mbali kidogo, maana usipojua nilivyoingia katika ushirika ule wa maombi utadhani siku zote nilikuwa mtu wa vile ulivyoniona. Nilipoolewa na kuletwa Kayole sikuwa namjua mtu. Baba yako alitoka alfajiri kwenda Kariokor kushona viatu vya ngozi, nami nikashinda ndani nikiwasikiliza majirani wakicheka kwenye ngazi. Mimba yangu ya kwanza, kabla yako, iliharibika nikiwa nimeinamia beseni la nguo. Hilo hujawahi kuambiwa, na sasa nakuambia mwenyewe. Baba yako alilia, halafu akaenda kazini kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mimi nikalala tu nikiutazama ukuta.

Aliyegonga mlango ni Mama Akinyi wa ghorofa ya juu. Wakati huo hakuwa na mvi hata moja, lakini ile sauti yake nzito alikuwa nayo tayari. Hakuniuliza kilichotokea. Aliingia, akaviona vyombo, akaanza kuviosha huku akiimba wimbo wa kanisa la kwao, kwa Kijaluo, na mimi sikuelewa hata neno. Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye leso, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu juu ya blanketi na kumwambia Mungu, "Baba, huyu ni wako. Mshike." Kisha akaenda zake. Kesho yake akarudi na mwenzake, wakaimba wawili. Haukupita muda nikawa nimekaa nyumbani kwa mmoja wao, kikombe cha chai mkononi, na mimi naimba. Hakuna aliyenihubiria, na sidhani kama mpaka leo wanajua walichonifanyia.

Nilichokificha ni kwamba niliimba hivyo miezi mingi kabla sijaamini chochote. Moyoni nilikuwa nimemkasirikia Mungu vibaya sana. Nilikuwa naenda kwa sababu ya zile sauti, na kwa sababu mtu akikosekana Jumatano, Alhamisi kuna aliyepita kumjulia hali. Nyimbo zilinibeba mpaka siku moja, katikati ya ubeti, nikajikuta namaanisha ninachoimba. Hili ndilo jambo ambalo ningekuambia ulipolihitaji, na sikukuambia. Nitarudi hapo.

Ushirika wenyewe unaujua. Ni nyumba chache za ploti yetu na ploti jirani, kila Jumatano jioni nyumba moja kwa zamu. Wewe ulijifunza kutembea ukishikilia viti vya plastiki vya watu waliofumba macho. Ulipiga kayamba kabla hujajua kusoma, na ukipotea mdundo Mama Akinyi alikuwa anakufuata wewe badala ya kukurudisha, mpaka sote tunapotea pamoja na kucheka hapo hapo katikati ya sifa. Ulipokua ukaingia kwaya ya vijana, ukashika sauti ya pili. Nikawashonea majoho yote, na lako nikaliachia pindo pana ili nilishushe ukirefuka. Nilikuwa najivuna kupita kiasi. Nilikaa kiti cha mbele kila Jumapili nikijifanya nakagua mishono.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo ulikuwa mdogo mno kuliona. Nilikuwa na kipaji cha kuomba. Nacheka nikiliandika, ila ni kweli. Wengine wakiomba walirudia "Bwana, Bwana, Bwana" mpaka wapate la kusema, lakini kwangu maneno yalikuja yenyewe yakiwa yamejipanga. Watu wakaanza kusema, "Mama Nyambura atufungie maombi." Mchungaji akitutembelea, Mama Nyambura afunge. Nikiwa katikati ya maombi nilisikia watu wakiguna, mmoja akianza kulia pale kona, na nilijua ni mimi niliyemliza. Ni raha ambayo cherehani haijawahi kunipa.

Sasa mtu wa namna hiyo anahitaji mambo ya kuombea, Nyambu, na mimi nikaanza kuyatafuta. Nikisikia kwenye ngazi kwamba mume wa fulani halali nyumbani, nilihuzunika, sikatai, lakini huku nikihuzunika nilikuwa nimeshaanza kupanga sentensi. Jumatano ikifika utanisikia: "Tunamkumbuka dada yetu, Bwana, unalijua jina lake, anayepita katika ndoa ngumu hapa hapa ghorofa ya tatu." Jina lake Bwana alilijua, na kila aliyekuwa mle ndani alilijua. Tukimaliza tulimimina chai na kuendelea na habari ile ile, safari hii macho yakiwa wazi.

Baba yako aliliona mapema. "Nyinyi mna redio yenu," aliniambia, "ila mnaisikiliza mkiwa mmefumba macho." Nikamjibu kwamba mtu anayeonekana kanisani Krismasi na Pasaka hana la kunifundisha. Alicheka akaendelea kula.

Ulikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa juu ya paa tunaanua nguo kwa haraka maana mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Njiru. Tulikuwa tumeshika shuka, wewe upande ule na mimi upande huu, ukasema, "Mathe, siku hizi nikiimba sifeel kitu. Naimba tu. Hata nikiomba ni ka najiongelesha." Ukanyoosha ncha za shuka. "Sijui kama bado naamini. Usistress, nilitaka tu ujue."

Nilikuambia ni uchovu wa masomo. Tukalikunja shuka.

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa maneno mawili tu: mimi pia. Ningekuambia habari ya mimba ile, na miezi niliyokaa na watu wanaosifu huku nimemnunia Mungu, na kwamba kuimba tu si unafiki, wakati mwingine ndicho kitu pekee mtu anachoweza, na wenzako wanakushikia mengine. Ningekuambia pale pale juu ya paa na mvua ingetunyeshea, tungeshuka na nguo zetu zimeloa. Nimeyapitia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi kuliko maombi yoyote niliyowahi kuomba.

Badala yake niliogopa. Na nataka uamini kwamba niliogopa kweli, wewe ni mtoto wangu wa pekee. Ila pamoja na hofu kulikuwa na kile kitu changu kingine, na kabla hatujafika chini ya ngazi kilikuwa kimeshaanza kupanga sentensi.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu yetu. Ulikuwa jikoni unaandaa chai. Mahitaji ya maombi yalipoulizwa nilisimama nikasema binti yangu amepoteza imani, adui ameingia nyumbani kwangu kupitia kwa mtoto wangu. Nikalia. Watu wakainuka. Wakaingia jikoni wakakutoa na chupa ya chai mkononi, wakakuweka katikati, mikono kichwani, mikono mabegani, wakaanza kukemea. Mimi ndiye niliyeongoza. Nilikutaja kwa majina yako yote na kuamuru roho ya mashaka ikutoke. Sijawahi kuomba vizuri kama siku ile, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Nilipofumbua macho kidogo niliona yako hayakuwa yamefumbwa. Ulikuwa unanitazama mimi.

Ndipo baba yako akafungua mlango, mfuko wake wa ngozi begani. Hakupaza sauti. "Hawa watu wamemjia nani?" akauliza. Akapita katikati yao, akakupokea ile chupa taratibu na kukuambia, "Mami, toka hapo, twende tutembee kidogo." Mkatoka. Mpaka leo sijui mlienda wapi wala mliongea nini, na sijawahi kuthubutu kuuliza.

Chai haikunyweka siku hiyo. Mama Akinyi alikuwa amekaa muda wote kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono yake mapajani, hakukugusa. Wenzake walipotoka alibaki nyuma kidogo. "Mama Nyambura," akasema, "mtoto alikuambia wewe. Hakutuambia sisi." Nikamwona ana kiburi. Nikamnunia miezi mingi, nikawa nikimkuta kwenye ngazi nasalimia ukuta.

Jumapili yake tulipofika kanisani, msichana mmoja wa kwaya alikuuliza mlangoni, mimi nikiwa hapo nyuma yako, "Niaje Nyambu, ati walikutoa pepo?" Wenzake wakacheka. Ukacheka nao. Ukaingia, ukaimba ibada nzima, na tuliporudi nyumbani ukalikunja joho vizuri ukaniletea pale kwenye cherehani. "Mpee mtu mwingine, mathe." Tangu siku hiyo sijakusikia ukiimba, hata bafuni.

Kosa hilo la kwanza nadhani ungekuja kunisamehe. Ni la pili ndilo lililotumaliza. Baada ya muda dhamiri ilianza kunisumbua, usingizi ukanipotea, na unajua watu wa ushirika wetu tukisumbuliwa na dhamiri tunafanya nini. Nilisimama Jumatano moja nikatubu. Nikaeleza yote: ulivyoniamini, nilivyokuanika, ulivyoacha kuimba, unavyokula umeinamia sahani bila kuniangalia. Nikalia sana. Wakanikumbatia, wakaanzisha wimbo, wakaniambia nimewekwa huru. Nikarudi nyumbani mwepesi, nikakukuta mezani na vitabu vyako, na nilichokuambia ni, "Umekula?"

Yaani nilimwomba kila mtu msamaha ila wewe. Na ili kutubu kosa la kukuanika, nikakuanika tena. Haikupita wiki ulikuwa umeambiwa. Ulikuja ukasimama hapa nilipo, ukiwa na sare yako ya shule, ukasema, "Nasikia nilikusamehe." Halafu ukaenda kuosha viatu.

Ulikuwa na haki ya kusema mabaya zaidi ya hayo. Nilikuwa nikikuombea useme, hata unitukane, tuanzie hapo. Lakini kuanzia siku hiyo nikikuuliza hali unasema, "Niko poa." Ulipougua chuoni niliambiwa ukiwa umeshapona. Habari ya kazi ya Lodwar nilipewa na baba yako akila ugali, akidhani nimeshaambiwa. Niliingia bafuni nikafungua mfereji ili nilie bila kusikika, na mfereji wenyewe ulikuwa umekauka. Basi nikalia kimya kimya, maana maji ya Kayole yetu hii ndiyo hayo.

Nisamehe, Nyambura. Neno hilo naliandika mahali ambapo hakuna wa kunikumbatia wala wa kuanzisha wimbo. Uliniamini ukaniambia jambo lako, nikalitumia nionekane. Halafu nikatumia hata kosa langu kwako nionekane tena. Usinijibu haraka. Usiponijibu kabisa nitaelewa, japo itaniuma.

Kinachonitia hofu sasa ni Lodwar. Si joto, si umbali. Ni kwamba utafika mahali usipomjua mtu, na siku itakuja ambapo utalala ukiwa huna nguvu ya kuosha kikombe, na kwa sababu yangu hutamfungulia mtu anayegonga akiimba. Nisingependa nikunyang'anye na hilo. Mimi ninachojua kuhusu kuishi na watu nilikipata katika nyumba za watu wanaoomba pamoja, kabla sijakiharibu kwa mdomo wangu. Nimeona watu ambao hata kusalimiana hawakutaka wakiimba wimbo mmoja hadi mwisho, na wakitoka mmoja anambebea mwenzake mtungi wa maji. Sikuelewa inavyofanyika wakati ule na sielewi sasa.

Ukiwapata watu wa namna hiyo, wasikilize wanapokunywa chai. Wakimaliza kuomba wakaongea juu ya bei ya nyanya na watoto kukohoa, kaa nao. Wakiendelea na habari za yule waliyemwombea, kaa kiti cha karibu na mlango, na ukiweza uondoke. Na huhitaji kuwa umeamini yote ndipo uende. Nenda hata kama utaimba tu. Mimi nilienda hivyo.

Kuna kitu kimoja ambacho lazima nikuambie, maana nimechoka kuwa mtu anayejua mambo yako kwa mlango wa nyuma. Mwezi uliopita, Jumamosi, nilipanda kwa Mama Akinyi kumrudishia chujio lake. Tulishapatana, mimi na yeye. Nilienda mwenyewe nikamwambia alikuwa sahihi, na akaniambia anajua. Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Nilipoinua mkono nibishe nikasikia sauti yako ndani. Ulikuwa unaomba. Taratibu, ukisimama, ukianza tena, bila maneno yoyote ya kupendeza, kwa Sheng yenu hiyo. Kumbe zile Jumamosi ulizosema unaenda kwa rafiki, rafiki mwenyewe ni yule mama wa juu.

Nikasikia ukisema, "Na mathe..." Kisha ukanyamaza.

Wewe unanijua. Ningetoa cherehani hii nilisikie neno lililofuata. Nilivua ndala ili zisilie sakafuni, nikashuka miguu mitupu na chujio mkononi, haraka, kabla hujaendelea. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani nikifurahi na kuona wivu kwa pamoja. Sijui ulimwambia Mungu nini juu yangu. Sijamwambia mtu kwamba nilikusikia, hata baba yako.

Na Jumatano hii mahitaji yalipoulizwa wote wakanigeukia. "Nyambura anaenda mbali, tumwombee nini hasa?" Walikuwa wamepanga waje kesho asubuhi wakuwekee mikono na kukusindikiza kwa nyimbo hadi chini, kama tunavyowafanyia watoto wote wa ushirika wanaosafiri. Nikasema, "Sijui. Hajaniambia. Na siku akiniambia, halitakuwa langu la kuwaambia." Mtu mmoja akakohoa. Nikawaomba wasije mpaka wewe mwenyewe uwaite. Walishangaa, wengine nadhani walikasirika. Mama Akinyi akasema, "Basi tuimbe," tukaimba, na mtu mwingine akafunga. Siku hizi mimi sifungi.

Kwa hiyo kesho ni yako. Ukitaka waje, niambie tu, nitaenda kugonga mlango mmoja mmoja. Ukimtaka Mama Akinyi peke yake, yuko hapo juu na ameshaniambia ataamka mapema. Ukitaka baba yako akusindikize na mimi nibaki hapa, nitabaki, wala sitakuja dirishani kukuangalia kwa macho ya kukulaumu.

Na kama utataka, japo sistahili hata kulitaja, tukiwa sisi wawili tu kabla hujatoka, nishike mkono uombe wewe. Omba kwa Sheng yako. Omba neno moja, au nyamaza tu mpaka uone inatosha. Hata ukiona ni lazima umwambie Mungu ubaya wangu nikiwa nimesimama hapo, mwambie. Mimi sitaongeza wala sitarekebisha kitu. Nitangoja umalize, kisha nitasema amina.

Mimi niliyekuzaa,
Mama